Mjini Hatuulizani

Benchi letu liko nje ya kibanda changu cha kunyolea, limebanwa kati ya nguzo ya umeme na duka la vocha. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, na kila mtu ana sehemu yake ambayo mwingine hathubutu kukalia. Kuna Dalali, anayejisifu kwamba hakuna chumba kinachopangishwa mtaa huu bila yeye kunusa. Kuna Waziri, ambaye ni mlinzi wa lango la jengo la maofisi. Tulimpa cheo hicho kwa sababu ya sare yake, na kwa sababu akiomba hata kiberiti anahutubia. Kuna Shangazi muuza kahawa, asiye shangazi wa yeyote kati yetu, ila anatugombeza sote kama watoto wa kaka yake. Na mimi kinyozi. Asubuhi hiyo sehemu moja ilikuwa tupu, ile ya mwisho karibu na nguzo. Ni ya Taratibu, tunayemwita hivyo kwa sababu hata kikombe anakiinua baada ya kufikiria. Wiki nzima alikuwa hajaonekana, simu yake imezimwa, na siku ya mwisho aliondoka ameshika ubavu akisema ni gesi tu.

Shangazi alimimina kahawa, akatazama pale patupu, akaanza.

Shangazi: Hivi nyie wanaume, mtamwendea lini mwenzenu?

Dalali: Tutampigia.

Shangazi: Simu si imezimwa?

Dalali: Ndiyo. Sasa utamwendeaje mtu bila kumpigia? Huo ni ushamba.

Shangazi: Kwa hiyo mnasubiri awashe simu, ndiyo mmwulize kwa nini kazima simu.

Waziri: Shangazi, mjini kuna itifaki. Mtu akizima simu amefunga mlango. Ukiulazimisha, wewe ni mwizi, tofauti ni kwamba hujaiba tu.

Mimi: Kule kijijini kwa mama mkwe wangu, ukichelewa kufungua dirisha asubuhi, mtaa mzima uko mlangoni. Wanataka kujua umekufa au umeoa.

Dalali: Umeona! Wale hawana faragha. Mwaka jana nilikwenda kumzika baba mdogo. Kutoka kituoni hadi msibani ni hapo na hapo, lakini nilisalimiwa njia nzima. Habari za safari, za nyumbani, za watoto, za kazi, ng'ombe hawajambo? Mimi nina ng'ombe gani? Nikajibu hawajambo. Nafika, marehemu ameshazikwa.

Shangazi: Ulichelewa kwa sababu ulilala.

Dalali: Nilichelewa kwa sababu ya salamu! Niulizeni mimi.

Waziri akakohoa na kuvuta sare yake. Hiyo ni dalili kwamba hotuba inakuja, na hakuna wa kuizuia.

Waziri: Tatizo lao ni hewa. Kule hewa ni nyingi, mtu anaivuta bure kutwa nzima. Ataitolea wapi kama si kwenye salamu? Sisi huku hewa tunagawana. Ukiimaliza kwa salamu peke yako, umekula fungu la mwenzio.

Mimi: Ndiyo maana wateja wangu wanasema "vipi" basi.

Waziri: Wanabana matumizi, na ni ustaarabu huo. Bosi wangu, mtu wa watu kabisa, tangu nianze kazi pale langoni hajanisalimia hata siku moja. Ananiheshimu sana.

Shangazi: Anakuheshimu au hakuoni?

Waziri: Ananiona. Ananipigia honi moja, fupi. Wenzangu anawapigia mbili.

Dalali hapendi kupitwa kwa maneno. Akateremsha kikombe chini kabisa ili mikono yote miwili iwe huru.

Dalali: Hewa si kitu, ni ghorofa. Mimi ndiye ninayepangisha, najua. Anayekaa chini bado anasalimia salimia. Ghorofa ya tatu anatikisa kichwa. Panda juu kabisa, mke na mume wanaandikiana ujumbe kutoka sebuleni kwenda chumbani. Adabu inakomaa kadiri unavyopanda.

Mimi: Kwa hiyo rubani?

Dalali: Rubani hata mama yake hamjui.

Tulicheka mpaka jamaa wa duka la vocha akatoa kichwa dirishani kuona kuna nini, kisha akakirudisha bila kuuliza. Mtu wa mjini huyo. Na mimi nikaona nisibaki nyuma.

Mimi: Wote mmekosea. Ni kufuli. Kule mlango ni pazia, mtu anaingia hodi iko mdomoni, anakukuta na taulo. Sasa watu kama hao watafanya nini zaidi ya kupendana? Hawana njia nyingine. Sisi tuna kitasa, komeo, na kufuli juu yake. Kufuli ndilo lililotufunza adabu.

Waziri: Ndiyo maana wezi wanavunja makufuli. Ni washamba wale.

Dalali: Wamekumbuka kwao tu.

Shangazi: Na kama Taratibu yuko nyuma ya hilo kufuli lenu anaumwa?

Kila mtu alipuliza kahawa yake, na ilikuwa imeshapoa.

Waziri: Angekuwa anaumwa angesema.

Shangazi: Amwambie nani?

Dalali: Shangazi, usitupe presha. Tukimwendea tutamwaibisha. Labda chumba hakijafagiwa. Labda ana mgeni ambaye hataki tumwone. Kumwacha mtu ajisitiri, huo ndio urafiki.

Mimi: Na akirudi tusimwulize alikuwa wapi.

Waziri: Kabisa! Tutajifanya hatukuona kama hayupo.

Na nasema ukweli, maneno yale yaliniingia. Niliona tumekuwa watu wazima wenye busara zetu, tunajua kuishi na binadamu.

Ndipo akatokea mama mmoja kwenye kona, wa makamo, mzigo begani, viatu vyake vimejaa vumbi la safari. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye benchi akatushika mkono mmoja mmoja, akianzia kwa Shangazi. Tumeamkaje, nyumbani hawajambo, kazi zinakwenda, jua la huku tunalionaje. Dalali akanikonyeza, kama kusema ushahidi wake umejileta wenyewe.

Mama: Jamani, afadhali nimewaona. Mimi ni dada yake huyo mnayemwita Taratibu. Aliwahi kuniambia, siku nikija niulize benchi la kinyozi. Kinyozi ni nani?

Mimi: Ni mimi, dada.

Mama: Ndiyo wewe! Mtoto anaendeleaje na lile jicho? Aliniambia anapasuliwa, tukamwombea sana kule nyumbani.

Habari za lile jicho nilimwambia Taratibu peke yake, siku moja nikimnyoa ndevu.

Mimi: Anaona, dada. Anaona vizuri sasa.

Mama: Namshukuru Mungu. Na huyu wa sare ni Waziri. Mama yako ameshaweza kukanyagia ule mguu?

Waziri alijibu kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

Waziri: Anatembea kidogo kidogo, dada. Asante.

Mama: Na wewe bila shaka ndiye dalali. Mkeo amesharudi?

Tuligeuka sote. Hatukujua kama mke wa Dalali ameondoka. Juzi tu alikuwa anatusimulia alivyogombezwa naye kwa kuacha viatu sebuleni. Dalali alitazama chini akaokota kikombe chake.

Dalali: Bado, dada.

Mama: Atarudi. Mdogo wangu alisema ni ugomvi wa kuzungumzika. Jamani, huyu kila akipiga simu ni ninyi tu. Leo kinyozi hivi, leo Waziri vile, leo Shangazi kanichekesha. Nikasema basi, mdogo wangu mjini amepata ndugu, na mimi nikalala usingizi. Sasa simu yake siipati wiki nzima, na mara ya mwisho alisema ubavu unamchoma, hata kulala hawezi. Nipelekeni kwake. Ni nyumba ipi?

Tulinyanyua mikono kwa pamoja. Waziri alielekeza juu, upande wa reli. Dalali alielekeza chini, kwenye mtaro. Mimi mkono wangu ulikuwa umeelekea sokoni. Tulitazamana mikono, kisha tukaishusha.

Mama: Sasa ni upande gani?

Waziri: Mimi humwona anakuja kutoka kule.

Dalali: Kule anakwenda kununua gazeti. Yeye hutokea huku.

Mama: Wewe si dalali? Chumba chake hukijui?

Dalali: Hakupitia kwangu, dada.

Mama: Basi kazini kwake. Anafanya kazi wapi?

Mimi: Kiwandani.

Waziri: Cha sabuni.

Dalali: Si cha magodoro?

Yule mama akamgeukia Shangazi, mwanamke mwenzake. Shangazi, aliyetusema asubuhi yote, alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa cha kufutia vikombe. Alisema anachokijua ni kwamba kahawa ya Taratibu ni bila sukari. Akageuza uso, nikaona analia. Mimi nilishikwa na aibu ambayo sijui niieleze vipi. Nilitamani aje mteja yeyote, hata mtoto, niwe na kichwa cha kunyoa.

Yule mama hakutugombeza. Angetugombeza ingekuwa nafuu.

Mama: Miaka yote hiyo mmekaa naye hapa?

Mimi: Kila siku, dada.

Mama: Sasa huwa mnaongea nini?

Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua, na alisimama pale akisubiri ajibiwe. Dalali akanitazama mimi, mimi nikamtazama Shangazi. Basi mama yule akauweka mzigo wake vizuri begani, akavuka barabara, akaanza kugonga mlango wa kwanza, na sisi bado tumekaa.