Cheupe Kisichong'aa

Mgeni rasmi, mama yetu Mkurugenzi Mkuu, wakuu wa maabara, wataalamu, na ninyi mliokanyaga sakafu kabla haijakauka, tumewasamehe, karibuni.

KARIBU MAMA

Sisi wafuaji, wafagizi na waosha vioo tumefurahi kukuona. Tuliyemchagua asome ni bibi aliyeishia darasa la saba, mwenye miwani ya kuazima, kwa hiyo tuvumiliane. Nyumbani kwake hakuna anayekula kabla ya kutegua kitendawili, basi na hapa anatega: cheupe pepepe, lakini haking'ai. Jibu lipo mwishoni. Ukishindwa, utatupa mji.

TULIKOTOKA

Vinasaba ni maandishi ya mwili ambayo kila mtu huzaliwa nayo. Zamani hapa vilinakiliwa mara nyingi mno ndipo mashine ione kitu. Ilikuwa kama kusikiliza kwaya. Mashine ya sasa humsikiliza mwimbaji mmoja. Uzi mmoja tu wa vinasaba hukaa ndani ya kitundu kisichoonekana kwa macho, na kila herufi ikifikiwa hutoa cheche ya mwanga wa rangi yake. Herufi zenyewe ni nne. Haya alitueleza Bwana Kimya, mtunzaji wa mashine, akiwa amekalia ndoo yetu. Tulimwelewa, maana hakuwa na haraka.

TUNALOJIVUNIA

Kuna watoto waliofika hapa na maradhi yasiyo na jina, wakaondoka jina limejulikana. Hatukuzisoma herufi sisi. Vioo vilivyozibeba tuliviosha sisi.

LILILOTUSIBU

Mwenzetu Mama Povu, mfuaji wa makoti, aliona makoti yamefifia. "Madaktari wangu watembee kama wachoma mkaa, na mimi nipo?" alisema, akaleta sabuni ya kung'arisha. Makoti yakameta. Bwana Kimya akawa anapita koridoni kama bwana harusi, nasi tukapiga vigelegele.

Wiki ile ile mashine ikaanza kuona cheche zisizo za herufi yoyote. Wataalamu wakafungua, wakafunga, wakalaumu umeme. Siku ya nane Mama Povu aliingia kukusanya makoti, akakuta taa zimezimwa, imebaki ile ya zambarau ya kukagulia uchafu. Mezani nyuzinyuzi zilikuwa zinang'aa kama macho ya paka. Nyuzi zile za makoti alizijua, na sabuni yake iliyozing'arisha aliijua. Angepitisha kitambaa na kurudia sabuni ya zamani, nani angemjua?

"Baba," alimwita Bwana Kimya, "huo mwanga mnaoutafuta nimeuleta mimi."

"Umeuleta kwa kitu gani, mama?"

"Kwa sabuni. Nilitaka mpendeze."

Bwana Kimya alivua koti lake, akaliweka chini ya taa ya zambarau, likawaka lote. Kisha akasema, "Kupendeza tulipendeza."

Mama, hatufichi kitu: kazi ya siku nane ilirudiwa yote, na mzazi mmoja akazidi kusubiri majibu ya mwanawe. Mama Povu alimfuata mwenyewe kwenye benchi la wageni kumwomba radhi. Mzazi yule alimtazama sana, akamwambia, "Umenichelewesha. Lakini hukunidanganya."

Baada ya hapo ikaja barua ya kumsimamisha kazi. Tumeambiwa uamuzi wa mwisho uko mezani kwako, wiki hii.

TUNALOOMBA

Tuliandika maombi saba. Jana tulifuta sita, hata la mabuti. Moja limebaki: Mama Povu arudi. Atakayefukuzwa kwa kusema kweli leo atakuwa amewafundisha wengine wote kunyamaza kesho, na mashine inayosikia uzi mmoja haiwezi kuishi na watu wanaonyamaza.

Sasa kitendawili chetu. Kimekushinda? Basi jitazame kifuani. Ni hilo koti ulilovishwa mlangoni. Limefuliwa alfajiri kwa sabuni ya zamani na likasuuzwa mara tatu, na mtu asiye na kazi hapa, aliyeingia kwa mlango wa nyuma kwa sababu alisikia mgeni anakuja na hakumwamini mwingine kulifua.

Tupe mji wetu, mama. Ni mdogo: chumba cha kufulia, na Mama Povu ndani yake.

Mungu akuongoze njia, doa lisikupate, na mikono inayokufulia isikose kazi.

Ni sisi wanao, Umoja wa Wafuaji, Wafagizi na Waosha Vioo wa Maabara ya Vinasaba.