Longinus wa Gisuru, Aliyetafsiri Filamu Kibondo

Ndugu waombolezaji, mimi ni Odilia, mtoto wa kwanza wa marehemu. Ratiba mlizoshika zinasema baba yetu, Longinus Kagoma, alizaliwa hapa Kitahana. Zilichapwa jana mjini. Karatasi nitakayosoma ni nyingine, nimeiandika kwa kalamu leo asubuhi, na naomba mnisikilize hadi mwisho kabla ya kunong'onezana.

Marehemu alizaliwa Gisuru, nchini Burundi, mwezi Machi 1968. Mwaka 1972, wakati wa mauaji ya kule, alivushwa mpaka mgongoni mwa kaka yake Venanti, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja. Familia moja ya Waha hapa Kitahana iliwapokea na kuwalea kama watoto wake. Tangu hapo karatasi zao zote, za ubatizo, za shule na za kura, zikaandikwa Kitahana. Kiha na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo ulimi haukuwasaliti.

Mwezi Agosti, akiwa kitandani, baba aliniambia, "Siku ya kunizika usome nilikozaliwa. Nimeficha vya kutosha." Juzi nilipomfikishia baba mkubwa Venanti wosia huo, hakupandisha sauti. Alisema, "Longinus keshalala. Kesho watu wa uhamiaji wakija kuuliza, watamkuta nani hapa? Mimi." Akaongeza kwamba nikisoma, hatatia udongo kaburini. Alikuwa na haki. Mimi na mdogo wangu mama yetu ni mzaliwa wa Titye, huku huku Kasulu, nani atatuhoji? Yeye ana miaka sitini na minne, shamba la mihogo, na kitambulisho kinachosema Kitahana. Mnamwona ameketi pale mbele. Nitawaeleza tulipofikia.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1977 hadi 1983. Hakuchaguliwa kuendelea. Alilima, akauza maharage Kasulu, akajifunza kutengeneza redio.

Mwaka 1994 alifungua banda la video mjini Kibondo, na wengi mliokuja leo mlikalia yale mabenchi. Filamu ilikuwa ya Kihindi, ya Kichina au ya Kifaransa, na baba ameshika kipaza sauti anaitafsiri papo hapo. Lugha hizo hakuijua hata moja. Alisoma nyuso, akakisia, akatia chumvi. Kila mhusika alipewa kijiji cha huku: polisi wote walitoka Kibondo, majambazi wote Kasulu. Watu wa Kasulu walipolalamika, aliwaambia wafungue banda lao.

Filamu za wahamiaji ndizo zilizomkera. Alikuwa akisema mgeni wa kwenye sinema hana kazi nyingine: anafika analia, anaiba, halafu anakufa kabla kanda haijaisha. Mbona haonyeshwi akigombana na jirani juu ya mbuzi, au akichelewa misa? Basi akawatengeneza upya. Mhamiaji wa baba alikuwa mtu mwenye mdomo, mwenye shamba, asiyeonewa. Lakini palikuwa na jambo moja. Kila mhamiaji alipoulizwa kwao ni wapi, baba alimtafsiria hivi: "Nimezaliwa hapa hapa." Kila filamu, jibu lile lile. Mliokalia mabenchi mlidhani ndivyo sinema zilivyo.

Mwaka 1997 banda lilijaa, wakiwemo watu wa kambi ya wakimbizi waliokuja kwa kibali. Siku zile wageni waliokuwa nje ya kambi walikuwa wakisakwa. Katika filamu ya Kifaransa, askari alimsimamisha kijana kizuizini na kumuuliza atokako. Baba akatafsiri, "Nimezaliwa hapa hapa, afande." Mtu mmoja akasimama nyuma. Alikuwa Nkunzimana, mwalimu mkimbizi aliyekijua Kifaransa. Akasema, "Hajasema hivyo. Ametaja kwao. Mbona unamficha?"

Mama, aliyekuwa mlangoni, anasema watu waliacha kutazama sinema wakamtazama baba. Neno moja la mtu mbaya lingetosha. Baba alisema, "Mfasiri amekosea," akarudisha kanda nyuma, akampa Nkunzimana kipaza sauti. Tangu siku hiyo, swali hilo likifika hakutafsiri tena. Alinyamaza tu, picha ikapita. Mlimcheka, mkasema Longinus amesinzia. Hakusinzia, jamani. Aliogopa.

Marehemu alifunga ndoa na mama yetu, Mwalimu Aneth, tarehe 10 Juni 1995 mjini Kasulu. Siku tatu kabla ya ndoa, wakisubiri basi stendi, alimweleza ukweli wote. Mama akamuuliza kama kuna jingine analoficha. Akajibu kwamba anakoroma. Mama anasema hilo la pili ndilo lililomsumbua miaka thelathini.

Februari mwaka huu marehemu alianza kuugua figo. Alitibiwa Kibondo, kisha Kigoma. Aliaga dunia Jumanne, tarehe 7 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Tunawashukuru wauguzi, na majirani waliotuletea ndizi na kuni bila kuombwa.

Jana ratiba zilipochapwa, nilikuwa nimekwisha kushindwa. Nilimwomba baba msamaha kimoyomoyo, nikaacha iandikwe Kitahana, kwa sababu sikuwa na haki ya kumwanika mzee aliye hai ili kumtimizia marehemu. Leo asubuhi baba mkubwa alikuja jikoni, akaichukua ratiba, akaisoma taratibu kwa kidole. Kisha akaniuliza kama nina kalamu.

Akasema, "Humu mama yetu hayumo. Andika Manirambona. Nilipombeba Longinus, yeye alibaki uani anatuangalia. Sijalitamka jina lake tangu siku ile, ningelitamka wangetujua. Sasa mwandike. Na ukimwandika, itabidi uandike na alikokuwa."

Marehemu ameacha mjane, Mwalimu Aneth, watoto wawili, mimi na Brighton, wajukuu watatu, na kaka mmoja, Venanti, mzaliwa wa Gisuru, ambaye ameniruhusu kusoma hivyo mbele yenu na mbele ya viongozi wa kijiji. Mwenye swali juu yake aanze na mimi.

Baba, mwana wa Manirambona, pumzika kwa amani.