Nilimgeuza Kwenye Karatasi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni vizuri, najua wengine mmetoka zamu moja kwa moja na bado mmevaa sare. Mimi ni Rispa, nesi, yule anayewafokea mkiacha vikombe vya chai chini ya viti. Leo sifoki. Leo nataka kuwaambia jinsi Mungu alivyoniokoa na kalamu yangu mwenyewe.

Nilifika Doha wakati mji huu ulikuwa mashimo na kreni, na kupiga simu nyumbani ni mpaka ukwangue kadi. Nilikuwa na diploma ya uuguzi kutoka Kenya, lakini viza yangu ilisema mfanyakazi wa nyumbani. Miaka minne nilifua na kupika kwenye nyumba moja mjini Al Wakrah huku diploma imelala kwenye sanduku. Niliumia, siwafichi. Kisha nikasikia kampuni moja inatafuta wauguzi wa kuwatunza watu wenye ulemavu majumbani mwao. Bosi wangu akakubali kuniachilia, akaandika barua. Mtihani wa kuandika niliufeli mara mbili, wa tatu nikapita. Haleluya! Ikabaki hatua moja tu: miezi mitatu ya kazi nyumbani kwa mgonjwa, kisha mkaguzi aje, na akiridhika nipewe cheti. Asiporidhika, kibali cha kukaa kinafutwa, narudi Kisii.

Wakanipeleka Al Wukair kwa Madam Lulwa. Ni mama wa makamo, mwalimu wa zamani. Ajali ya gari ilimwacha hawezi kusogea wala kuhisi kitu kuanzia shingoni kwenda chini, lakini kichwa chake kilikuwa kizima kuliko changu. Kazi yangu kubwa ilikuwa kumgeuza kila baada ya saa mbili, ubavu huu, mgongo, ubavu ule, ili asipate vidonda vya kulalia. Kisha niandike kwenye chati iliyoning'inia ukutani, mbele ya kitanda.

Sasa ninyi manesi, msiangalie chini. Kule wodini nilikojifunza kazi, nesi mmoja alikuwa na vitanda arobaini. Ukiingia zamu unajaza chati ya siku nzima kabisa: saa nne ubavu wa kulia, saa sita mgongo, ngozi safi, ngozi safi. Halafu unakimbia. Tuliita kupika chati, na mimi nilikuwa mpishi hodari. Nikaja na mapishi hayo hadi Al Wukair, kwenye nyumba yenye mgonjwa mmoja! Kumgeuza nilimgeuza, lakini nilichelewa, nikaruka, hasa simu ya nyumbani ikiita, au yeye akisinzia nikamwonea huruma. Chati haikuruka hata mara moja. Na wiki ya ukaguzi nilifunga siku tatu nikimwomba Mungu anipe cheti. Fikirini! Naomba, nasema amina, nainuka, najaza uongo.

Siku yenyewe, saa tatu na nusu asubuhi, mkaguzi akapiga simu kwamba yuko getini. Mimi nilimtarajia alasiri. Nikatazama chati: imejaa hadi saa kumi na mbili jioni. Nikaichomoa, nikaikunja, nikachukua karatasi mpya nianze upya. Ndipo Madam Lulwa akasema, kwa ile sauti yake ya darasani, "Rispa, khalas. Acha."

Nikaacha.

"Kila asubuhi naisoma hiyo karatasi," akasema. "Wewe ni nesi wa tano. Wote mliandika hivyo. Wallah, mgongo wangu siusikii. Habari zake nazijua kwa hiyo karatasi tu."

Ndugu zangu, nimehubiriwa na watu wengi, lakini hakuna mahubiri yaliyonipata kama hayo. Niliona aibu. Muda wa kuandika chati mpya ulikuwepo, na Madam hangeweza kunyanyua hata kidole kunizuia. Nikasema moyoni, Bwana, nisaidie, maana hapa cheti kinaenda. Nikainyoosha ile iliyokunjwa, nikamkabidhi mkaguzi mlangoni, nikamwambia nimeijaza leo saa moja asubuhi, na ndivyo nimekuwa nikifanya tangu nifike.

Akaisoma, akaja kitandani. Tukamgeuza Madam pamoja. Juu ya mfupa wa kiuno palikuwa na alama nyekundu, ukubwa wa sarafu. Mkaguzi akabonyeza kwa kidole, wekundu haukuondoka. Manesi mnajua maana yake: kidonda kinaanza. Na chati yangu ya jana ilisema ngozi safi. Nililia, ndugu zangu, na sikulilia cheti.

Mkaguzi akaandika nimefeli. Akamuuliza Madam kama aletewe nesi mwingine. Mimi moyoni nilikuwa nimeshaanza kufunga sanduku. Madam akajibu, "Mwingine ataanza tena kuandika. Huyu sasa anaogopa. Mwache."

Kwa neno lake kibali hakikufutwa; nikapewa miezi mitatu mingine, kutoka mwanzo. Tukabadilisha utaratibu wa kazi: namgeuza kwanza, nachukua kioo, namwonyesha mgongo wake, na yeye ndiye anayeniambia niandike nini. Siku ya kwanza alikitazama kile kioo kwa muda mrefu. Alikuwa hajauona mgongo wake tangu ajali. Siku ilipofika ile alama imeisha kabisa, akasema, "Andika: safi," akacheka, nami nikacheka huku machozi yananitoka.

Mkaguzi aliporudi alikuta chati ina mapengo. Nilipochelewa nimeandika nimechelewa, niliporuka nimeandika nimeruka. Akaisoma yote, akasaini. Utukufu kwa Mungu! Cheti ninacho, na Madam Lulwa bado ni mgonjwa wangu.

Namshukuru Yesu, aliyeninyima kwanza kile nilichofunga nikiomba. Na wewe uliyekaa hapo, unayejijua, sikuiti mbele uombewe. Mwamini Mungu, sema ukweli, hata kama cheti kiko hatarini. Na kama kuna mtu kitandani ambaye leo umeshamgeuza kwenye karatasi, usingoje ibada iishe. Toka sasa hivi, nenda ukamgeuze. Sisi tutakuombea ukiwa njiani.