Andoche Guyollot, Baba wa Célinie

Marehemu Andoche Guyollot alizaliwa tarehe 30 Novemba 1796 katika kitongoji cha Champ-Bouleau, parokia ya Montsauche. Alikuwa mtoto wa pili wa Léonard Guyollot, msukuma magogo, na Pierrette Dessolins. Wa kwanza ni dada yake Reine, ambaye yuko hapa na bado anasimama kwa miguu yake.

Alisoma kwa padri majira mawili ya baridi. Herufi alizozishika ni zile tu zinazogongwa kwa nyundo kwenye ncha za magogo, kila tajiri na alama yake. Hizo hakuna aliyemshinda kuzisoma, hata gogo likipita mbio majini.

Akiwa na miaka kumi na minne aliingia mto Cure na upondo wake, akisukuma kuni za kwenda Paris. Sasa kuna watu hapa wanaosubiri kuona kama lile jambo litasemwa. Linasemwa. Mwaka 1821 alikata kwa msumeno ncha zenye alama za tajiri mmoja, akauza magogo hayo kama yake. Alifungwa miaka mitatu. Aliporudi, mchumba wake Edmée alikuwa mke wa mtu, ndiyo maana marehemu hakuoa. Akipita njiani, wanawake walianua nguo zao. Alilala ghalani kwa dada yake.

Oktoba 1829 gari la Paris lilileta watoto wachanga waliotupwa. Reine alipewa mmoja wa kunyonyesha, Célinie, mwenye mkufu wa namba 3117 uliofungwa shingoni kwa muhuri. Sheria tunaijua sote: mkufu ukikatwa mtoto hajatimiza miaka sita, mtoto anaondolewa. Kufika mwaka mpya maziwa ya Reine yakakauka.

"Gari likirudi, atapanda," Reine akasema.

Andoche alikuwa anakamua mbuzi. "Dada, nipe mimi."

"Mwizi alee mtoto?"

"Atakayelea ni mbuzi. Mimi nitashika kikombe tu."

Reine alimpa siku nane, amwone akishindwa. Hakushindwa. Aliacha pombe bila kumwambia mtu, na alijifunza kusuka nywele, vibaya.

Célinie alipofika miaka mitano, watoto wa kisimani walianza: "Elfu tatu mia moja kumi na saba, mama yako nani?" Siku moja akaja mbio akilia. "Andoche, nikatie hii! Watu wanasema wewe ni fundi wa kukata alama za watu."

Andoche alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. "Hiyo siwezi, mwanangu. Wakiona imekatwa, watakuchukua."

Februari 1835 koo la mtoto likavimba, mkufu ukazama kwenye nyama, midomo ikawa ya bluu. Andoche hakuuliza mtu. Alichukua koleo akaukata, na Célinie akavuta pumzi iliyosikika mpaka zizini.

Mtoto alipopona, Reine akasema, "Sema mkufu umepotea mtoni. Nani atachungulia mto mzima?"

"Dada, zile za kwanza nilikata nikaficha. Hii siifichi."

"Watamchukua, mpumbavu wewe! Na wewe watakurudisha ndani!"

"Najua."

Aliufunga mkufu kwenye leso, akambeba Célinie mgongoni, akatembea kwenye theluji hadi Château-Chinon kwa mkaguzi wa watoto wa Paris. Reine alimfuata nyuma akimgombeza njia nzima, ndiyo maana yaliyosemwa huko yanajulikana.

Mkaguzi alimuuliza mtoto, "Namba yako?"

"Sina, bwana. Nimeshakatwa."

"Na huyu aliyekukata ni nani?"

Mpaka siku ile Célinie alikuwa akimwita Andoche tu, kama wote. Alimtazama, akamshika kidole. "Huyu ni baba. Usimpeleke popote, bwana, ana mbuzi."

Mkaguzi alikohoa kwa muda mrefu. Aliandika kwamba mkufu ulikatwa kwa sababu ya ugonjwa, akasema, "Nendeni nyumbani, mtoto asipigwe na baridi." Kurudi, Andoche alilia kutoka lango la mji hadi mlangoni.

Habari ilishuka mto upesi kuliko kuni. Masika hayo hayo tajiri yule yule aliyeibiwa alimkabidhi nyundo yake ya kugongea alama. Andoche aliishika miaka ishirini na miwili, na hakuna gogo lililopotea.

Kifua kilimwanza Krismasi iliyopita. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Februari 1862, Célinie akimshikia kikombe cha maziwa ya mbuzi.

Jana karani wa meya aliandika kitabuni: hana mke, hana mtoto. Reine, ambaye kusoma kwake ni kwa kubahatisha, aliomba asomewe mara mbili, kisha akamwamuru afute. Karani alisema sheria haimruhusu. Karani ni kijana, mkufu ule hakuuona. Basi iandikwe hapa na isomwe kwa sauti, mbele ya padri na mbele ya karani mwenyewe, aliyesimama pale nyuma: marehemu ameacha dada mmoja, Reine, mkwe mmoja, Lazare Bonnamour, wajukuu wanne, na mtoto mmoja, Célinie.

Pumzika kwa utulivu, Andoche. Dada yako alikosea kukupa siku nane tu.