Mzee Yiamat na Mwanya wa Ua wa Matawi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uendeshaji. Bi. Agnela, Meneja wetu. Mzee Yiamat Lomayani pamoja na familia yake. Wageni waalikwa na wafanyakazi wenzangu: ninawasalimu kwa heshima, na wanaostahili shikamoo ninaomba waipokee.

Mimi, Abdiel Sumari, mtunza stoo wa Hosteli ya Mringaringa hapa Sekei, nimekabidhiwa jukumu la kuandika wasifu wa mstaafu wetu. Makusudi yangu ni mawili. La kwanza ni kueleza utumishi wake kama ulivyokuwa, bila kuupunguza wala kuupaka rangi. La pili ni kuwasilisha ombi alilolitoa badala ya zawadi. Ombi hilo nimeliweka mwishoni, ili lisipimwe kabla mwombaji hajafahamika.

Mzee Yiamat ameitumikia bustani ya hosteli hii kwa miaka thelathini na mmoja, tangu Februari 1994 hadi leo, tarehe 30 Juni 2025, anapostaafu rasmi. Alizaliwa Oldonyo Sambu, upande wa kaskazini wa Mlima Meru, katika boma la baba yake aliyekuwa mfugaji. Siku ya usaili alifika amevaa makatambuga ya tairi na kushika panga lake mwenyewe, kwa maelezo kwamba panga la kuazima halijui mkono. Alipoulizwa anafahamu kazi gani, alijibu, "Ng'ombe nawajua. Maua nitajifunza."

Alijifunza. Nyasi mlizozikanyaga mkiingia ni zake. Mawaridi ya mbele ya mapokezi ni yake. Miparachichi inayompa mpishi wetu, Mama Sifaeli, sababu ya kuringa mbele ya wageni ni yake pia, ingawa Mama Sifaeli huwa hasemi hivyo. Mwaka mmoja alichaguliwa mfanyakazi bora siku ya Mei Mosi, akazawadiwa saa ya ukutani. Aliitundika kwenye banda la zana, na tangu hapo majembe yetu yamekuwa yakijua wakati kuliko ofisi.

Hata hivyo, kazi ambayo jina lake litabaki limeshikamana nayo ni ua.

Zamani matawi yote yaliyopogolewa yalichomwa moto kona ya chini ya bustani, pale ardhi inapoanza kuteremkia korongoni. Moshi uliingia kwenye mashuka, wageni wakalalamika, uchomaji ukakatazwa. Wengi wetu tulidhani litakodiwa gari matawi yakatupwe mbali. Mzee Yiamat hakutupa hata moja. Alichimbia vigingi kwa safu mbili, kutoka ukuta wa jirani huyu hadi ukuta wa jirani yule, akalaza matawi katikati ya safu hizo: manene ya mjakaranda chini, ya mgrevilea juu yake, na bogonvilia yenye miiba juu kabisa. Kisha alipanda juu yake akakanyaga mpaka yakashikana kama vidole vya mtu anayeomba. Huo ndio ua wa matawi makavu. Hauoti wala haumwagiliwi. Unaoza kwa chini na kushuka polepole, na kila baada ya kupogoa hulishwa kwa juu.

Mama Sifaeli aliutamani tangu siku ya kwanza. "Mzee, hizo kuni si unipe nichemshie maharage?"

"Ukiupika ua, mama, utakula na nani?" alijibu Mzee Yiamat, akaendelea kukanyaga. Mama Sifaeli alicheka siku ile. Baadaye hakurudia kuomba.

Ndani ya ua walihamia kalunguyeye, nguchiro na ndege wa kila rangi. Mgeni mmoja, mtaalamu wa ndege, aliupiga picha nyingi kuliko mlima.

Katikati ya ua Mzee aliacha mwanya wa kupita mtu mmoja, ili ashuke korongoni kuchota maji wakati wa kiangazi. Mwanya huo aliufunga kwa tawi moja la mgunga alilolileta kutoka Oldonyo Sambu. Hapa ninaomba usikivu wenu, kwa kuwa yote yatakayofuata yanasimama juu ya jambo hili. Katika boma la wafugaji, mlango hufungwa na aliye ndani. Hulishika tawi kwa shina, yaani upande ule mnene, akalivuta kuelekea kwake mpaka kichwa chenye miiba kikabana mwanyani. Kwa hiyo shina hubaki upande wa wenye boma, na miiba hubaki upande wa fisi na wa mgeni. Ukiona shina limeelekea wapi, umejua wenyewe wanalala upande gani.

Kila jioni Mzee Yiamat alilivuta tawi lile, shina likaelekea hosteli. Katika mwaka wa mvua za El Nino, baada ya kingo za korongo kuporomoka, alikwenda asubuhi moja akalikuta limefungwa imara kama alivyoliacha, ila shina lilikuwa limeelekea korongoni. Aliyelifunga alikuwa amesimama ng'ambo, na alikuwa amefunga mlango wake. Kule korongoni hakuna nyumba. Hapajapata kuwa na nyumba tangu hosteli ijengwe.

Mzee aligeuza tawi, akaenda kumwagilia mawaridi. Asubuhi iliyofuata lilikuwa limegeuzwa tena. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kuanzia hapo: jioni shina letu, asubuhi shina lao. Tulipomuuliza kama haogopi, alitutazama kana kwamba tumeuliza swali la watoto. "Anayefunga mlango wake ni jirani," alisema. "Mwogopeni asiyefunga."

Dada yake mkubwa, Bibi Simaloi, ambaye yupo nasi leo, alimletea maziwa siku moja, akapelekwa kuona ua. Alilitazama tawi kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba nao wana ng'ombe wao wa kulinda. Mama Sifaeli, ambaye hawezi kuacha jambo lipite, akamuuliza wanawalinda dhidi ya nini, maana Sekei fisi waliisha zamani. Bibi Simaloi alicheka mpaka akashika kigingi.

"Dhidi ya nini? Nyie si mpo huku?"

Bi. Agnela alipoanza umeneja aliamuru mwanya uzibwe kwa mabati. Uamuzi huo ulikuwa halali na ulizingatia usalama wa wageni, nami sina neno juu yake. Mzee Yiamat alikuwa likizo kwao. Fundi alipigilia mabati, tawi la mgunga likarushwa juu ya ua.

Siku chache baadaye tawi hilo lilikutwa limebanwa katikati ya nguzo mbili za kamba za kuanikia nguo. Likaondolewa. Likakutwa mlangoni pa jikoni, na kelele za Mama Sifaeli zikasikika mpaka barabarani: "Nani huyu kaniwekea miiba mlangoni? Mimi nafuga masufuria!" Tuliwashuku vijana wa ulinzi, wakaapa kwa majina ya wazazi wao. Tawi likatupwa korongoni. Likakutwa kwenye korido, katikati ya bwalo la chakula na ofisi ya Meneja, limebanwa na kuta zote mbili.

Mzee Yiamat akaitwa kwa simu, akakatiza likizo. Hakuuliza ni nani aliyefanya. Aliuliza shina lilielekea wapi.

"Shina?" alisema Mama Sifaeli. "Baba, mimi nilikuwa natazama vidole vyangu vilivyochomwa!"

Mimi nilikuwa nimetazama, na ninathibitisha. Kwenye kamba za nguo, shina lilielekea bustanini na miiba ilielekea jikoni. Jikoni, shina lilikuwa nje na miiba imeegemea mlango. Kwenye korido, shina lilielekea bwalo, na miiba ilielekea ofisi ya Meneja. Mzee alisikiliza yote hayo akiwa amevua kofia.

"Mmewanyima mlango," alisema. "Wamehamisha boma."

Bi. Agnela, kwa hekima ambayo ninaomba iingie katika kumbukumbu za hosteli hii, aliteremka bustanini saa ile ile na viatu vyake vya ofisini, akang'oa misumari kwa mkono wake. Mzee alilirudisha tawi mwanyani. Jioni shina letu. Asubuhi shina lao. Hatukuona tena miiba karibu na nyumba, na kwa miaka yote hiyo tumelala salama, wao kwao na sisi kwetu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Kamati yako imepitisha ujenzi wa ukuta wa tofali mahali pa ua, kutoka kona hadi kona, kwa sababu baadhi ya wageni wameandika kwamba hosteli yetu ina boma la ng'ombe katikati ya jiji. Hakuna anayekana faida za ukuta. Ijumaa mafundi walichimba msingi, na ili wapate pa kuweka mzigo, walipanga tofali ndani ya mwanya mpaka juu. Siku hiyo hiyo Mzee Yiamat aliulizwa achague zawadi ya kustaafu: mabati ya kuezekea, godoro, au mbuzi. Alisema mabati anayo, godoro linamuumiza mgongo, na mbuzi wa mjini hawajui kutembea. Aliomba kitu kimoja: ukuta ujengwe, lakini mwanya uachwe mahali pake, na apatikane mtu wa kufunga tawi jioni kwa upande wetu.

Mzee Yiamat, tunakushukuru kwa kila tawi ulilolikata na kila tawi ulilokataa kulitupa. Umetufundisha kwamba kilichokauka bado kina kazi. Urudi Oldonyo Sambu kwa amani. Mifugo yako iongezeke, maziwa yasikauke nyumbani mwako, wajukuu wakuzunguke mpaka ukose pa kuweka fimbo, na kila jioni shina la tawi lako lielekee palipo na usingizi wako.

Nilikuwa nimekusudia kukomea hapo. Maneno yanayofuata nimeyaongeza leo asubuhi.

Ukumbi huu niliufunga mwenyewe Jumamosi baada ya kupanga viti, na funguo nilikaa nazo. Leo nilifika ukungu wa mlimani ukiwa bado umetanda bustani nzima. Nilizungusha ufunguo, nikasukuma, mlango ukafunguka, nami nikachomwa kifuani. Tawi la mgunga lilikuwa limebanwa mlangoni kwa ndani. Miiba ilinielekea mimi. Shina lilielekea kwenye viti. Nililazimika kuzunguka na kuingia kwa dirisha la jikoni, na nilipofika kulivuta, nilijikuta nimesimama mahali pale pale aliposimama aliyelifunga. Ukumbi ulinuka maziwa mabichi na samadi, harufu ambayo wengi wenu mmeisikia mlipoingia na mkadhani inatoka kwa majirani.

Vijana wa mapambo, kwa kutojua, wamelifunga tawi utepe mweupe na kulisimamisha kando ya keki. Ndilo hilo mnalolitazama.

Nilimwita Mzee Yiamat kabla ya sherehe, nikamwonyesha. Alivua kofia, kama siku ile ya korido, akapita katikati ya viti bila kugusa hata kimoja. Kisha akaniambia, "Leo wageni ni sisi, Abdiel. Omba kwa adabu."

Kwa hiyo ninaomba kwa adabu. Ninaomba Kamati itoe uamuzi sasa, kabla mtu yeyote hajainuka: mwanya uachwe katika ukuta, au usiachwe. Ninaomba pia jibu hilo litolewe kwa sauti, lisikike na wote waliomo ndani ya ukumbi huu.