Mwalimu Melania Mabula na Wenzi wa Nikeli

Mwalimu Melania Mabula, ambaye leo tunamsindikiza hapa Nyarugusu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 kijijini Samuye, Shinyanga, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mabula Ngassa na Mama Apolonia.

Alianza masomo mwaka 1952 katika shule ya misheni, akaendelea hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu shahada ya kemia mwaka 1969. Mwaka huohuo alianza kufundisha sekondari mjini Shinyanga. Tarehe 5 Septemba 1970 alifunga ndoa na Bwana Eustace, fundi mitambo, mzaliwa wa hapa Nyarugusu.

Mwaka 1973 alikwenda Uingereza kwa utafiti wa miaka mitatu. Alichunguza kabeni za nikeli, yaani kampaundi ambamo nikeli imeishika kaboni yenye upungufu wa elektroni. Kaboni hiyo ina papara, hudaka chochote kinachopita. Tabia yake hutegemea ligandi, molekuli zinazoizunguka nikeli, ambazo marehemu alipenda kuziita wenzi. Wenzi wakarimu huipa nikeli elektroni, nayo huipitishia kaboni, papara ikapungua. Wenzi wanene huwazuia wageni wasiikaribie.

Mwanzoni kampaundi zake ziliharibika kabla hajazipima. Akachagua wenzi wanene, wakarimu, wenye kushika kwa nguvu. Kampaundi ikatulia, ikang'aa chupani, ikakataa kufanya lolote. Muda wa ufadhili ulikuwa unayoyoma, na bila mmenyuko, yaani kampaundi kubadilika kuwa kitu kingine, hakukuwa na shahada ya uzamivu.

Desemba 1974 alikuja likizo Samuye, akamkuta mdogo wake Bujiku akimfundisha maksai mchanga kulima. Ili asitoroke, alikuwa amemfunga shingo kwa shingo na maksai mzee, kwa kamba fupi kabisa.

"Dada, mwone alivyotulia!" Bujiku alijisifu.

"Ametulia," alisema Mzee Mabula, "na plau nayo imetulia. Mwaka huu tutavuna utulivu?"

Melania alicheka hadi akakaa chini. "Usimcheke peke yake, Baba. Na mimi yangu nimeifunga hivyohivyo."

Aliporudi maabara alibadilisha mwenzi mmoja tu, akaweka anayeshika kwa wepesi. Kampaundi ilipopashwa moto kidogo, mwenzi huyo alijitenga, nafasi ikapatikana, mmenyuko ukaendelea. Mwaka 1976 alirejea na shahada yake, akaingia tena darasani, makazi yake yakiwa Ngokolo, mjini Shinyanga.

Mwaka 1986 alianza kuugua figo. Kwa kumpenda, mumewe alimkataza kutoka nyumbani.

"Baba Nyamizi," alimwambia, "hiyo ni kamba ya Bujiku."

Kesho yake mumewe alimpakia kwenye baiskeli, akampeleka shuleni, akamngoja nje mpaka kengele ikalia. Mwalimu alifundisha hivyo, akiwa ameketi, hadi Juni mwaka huu. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Agosti 1987, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto wawili, Nyamizi na Cornel, wazazi wake, mdogo wake Bujiku, na wanafunzi wengi waliosimama hapa.

Sisi tuliomzunguka tunailegeza kamba. Mama Nyamizi, nenda ukapumzike kwa amani.