Tangi la Bondeni

Enzi za Mwingereza, kijiwe chetu kilikuwa juu ya kilima, hapa Lindi, kwenye baraza la kahawa la Likwata. Tangi la maji tulilijenga wenyewe kwa msaragambo, kila mtu na jembe lake, bondeni jirani na kisima, maana nani apandishe mawe mlimani? Bomba tukalipandisha hadi barazani. Maji yakafika mwanzo wa kilima tu, usawa wa tangi, mlangoni kwa fundi viatu, yakagoma. Likwata hakuwa na raha. Mkewe Kijakazi siku zake za kujifungua zilikaribia, mkunga kamkataza ndoo, naye bado akiteka kisirisiri. Tulimpenda Likwata jamani, basi tukawa tunamsaidia kwa maneno.

— Tangi jembamba, — akasema Severini, tuliyemwita Injinia kwa kuwa aliwahi kulala ndani ya boila mbovu. — Tulipanue. Maji mengi yana uzito, na uzito ndiyo nguvu.

— Si tulishalipanua, Injinia? — akauliza Likwata. — Maji yako pale pale kwa fundi viatu.

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Nyie maji hamyajui, — akadakia Abdurahmani, Bwana Shauri wetu, mkata kesi zisizomhusu. — Yanaogopa mwinuko. Bomba lizungushwe kilima chote, yapande bila kujijua.

— Yapande tu? — akauliza tena Likwata.

— Mpanda ngazi hushuka. Basi na mshuka ngazi atapanda.

Mimi nikashauri tutie chumvi. Maji ya bahari yanabeba meli nzima, kilima hiki kitayashinda nini?

— Hapo umenena, — akasema Severini, akinyoosha kikombe. — Likwata, ongeza.

Likwata akatikisa dele lake la kahawa.

— Imekwisha. Na maji hakuna.

Hapo akatokea mama mtu mzima, anahema, ndoo kichwani. Ni Adija, mama yake Kijakazi, aliyefika jana yake kutoka Somanga kumtunza mwanawe. Mama mkwe kumbebea maji mkwewe! Likwata akasimama, macho chini.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, baba.

Akatua ndoo. Akalitazama bomba letu, kisha akalitazama tangi kule bondeni. Hakuwa na hasira, alitaka kujua tu.

— Naambiwa mnangoja maji yapande. Anayapandisha nani?

Bwana Shauri akamtazama Injinia. Injinia akanitazama mimi, na mimi nikamtazama Likwata, ambaye alikwisha kuichukua ndoo ya mkwewe, akaimimina mtungini na kuanza kushuka nayo kisimani.

Adija akaketi kwenye benchi letu, akajipepea kwa upande wa kanga.

— Mama, — Injinia akamuuliza taratibu, — ndoo nyingine ipo?